Kumpeana Kabura kwa Watu wa Kisiwa

Skellan, 14 Septemba 2024

Kwa baba yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo. Mimi ni mzima, kile kikohozi kiliisha. Natumai mguu umepoa na mahindi ya Ainabkoi hayajalazwa na mvua. Masikio je? Nilipopiga simu uliuliza "nani?" mara saba ukakata, kwa hivyo nimerudi kwa kalamu vile wewe unapenda.

Baba, nimeitwa timu ya mpira ya kisiwa, ya wanawake, nidake golini. Kocha anaitwa Marit, ndiye mpishi wa hii nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Siku moja alikuwa ananirushia viazi nimenye, akaona hakuna hata kimoja kinaanguka.

Lakini usifikirie ni timu ya taifa kama Harambee Starlets. FIFA ilisema Skellan si nchi. Watu elfu nne na kondoo wengi, ati hawatoshi. Basi wanacheza na wenzao waliokataliwa, visiwa vingine na watu wasio na bendera, na Juni kuna mashindano yao. Jezi tunafua wenyewe.

Kwa vile hawako chini ya mtu, sheria wanajitungia. Anayecheza awe amezaliwa hapa, au amekaa miaka mitano. Mimi niko mwaka wa tatu. Kuna njia moja imebaki: mzazi aandike barua kwamba kwenu sasa ni Skellan na amekupeana, isomwe mbele ya kamati. Wanaitaka kabla Aprili iishe.

Niandikie, baba. Nimeitaka hii kitu hadi naota nikidaka.

Mama yako mdogo,
Kabura


Munyaka, Eldoret, 20 Oktoba 2024

Kwa mama yangu Kabura,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama hapo Posta, hadi askari akaniuliza kama nina shida. Niko salama kwa neema ya Mungu. Mguu ni wa mzee, siwezi kuulaumu. Mahindi yamesimama vizuri, tutavuna mwezi ujao. Jepkemboi, yule mlicheza naye mpira shuleni Ainabkoi, siku hizi ni mwalimu Moiben. Alinipitia na maziwa na anakusalimia.

Sasa hiyo barua unataka. Kwetu msichana hapeanwi na karatasi. Watu wanakuja, wanabisha, wanakaa, wanaulizwa wamefuata nini, na mbuzi wanaonekana. Hao wako wameleta nini? Hata kondoo mmoja, na unasema wamejaa huko?

Halafu wewe una jina la mama yangu. Tangu siku uzaliwe nakuita mama, na hata ukivunja kioo cha duka nilishindwa kukuchapa kwa sababu hiyo. Nani ashawahi kusikia mtu akimpeana mama yake?

Ninakutania, lakini sijafurahi. Wanataka niseme kwenu ni Skellan. Kwenu ni hapa. Nina miaka sabini na moja, siwezi kuanza kuandika uongo saa hii. Cheza mpira wako huko, lakini Desemba si utakuwa nyumbani? Ulisema miaka mitatu. Chumba chako nimepaka rangi. Ni ile ilibaki ya mlango, kwa hivyo ni kijani, utavumilia.

Baba yako, ambaye pia ni mtoto wako,
Wahome


Skellan, 17 Novemba 2024

Kwa baba,

Nakusalimia sana na ninaomba barua hii ikupate ukiwa na nguvu. Nilicheka hiyo ya kioo, kisha nikalia, kwa sababu kuna kitu nilikuficha.

Desemba siji. Niliweka sahihi ya kazi miaka miwili zaidi, na niliweka Agosti, hata kabla Marit hajaniita. Niliogopa kukuambia, nikatanguliza habari ya mpira. Nisamehe.

Kuna jambo hatujawahi kuliongea, na wacha niliseme kwa barua kwa sababu mbele yako singeweza. Nilikuwa na miaka tisa tukitoka Ainabkoi na blanketi na redio. Kule Showground, kwa mahema ya waliofukuzwa makwao, nilianza kudaka kwa sababu watoto wengine walikuwa wakubwa na kipa ndiye hakuna mtu alitaka kuwa. Tangu wakati huo nikiulizwa kwetu ni wapi, kwanza namwangalia anayeuliza usoni, nijue ni jibu gani halitaniletea shida. Hata wewe shamba unalima lakini hulali huko. Ikifika saa kumi unarudi Munyaka. Je, kwetu ni wapi, baba?

Hawa watu wameniuliza kama nataka kuwa mtu wao. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Sijakana nyumbani. Nimekukosa, nimekosa mukimo wa kwako wenye chumvi nyingi, nimekosa hata ukali wako wa asubuhi. Lakini nataka kusimama kwa hilo goli.

Mama yako,
Kabura


Skellan, 12 Januari 2025

Kwa baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Uko salama? Krismasi nilikuwa kazini. Nililisha wazee kumi na mmoja, mmoja akaniita jina la dada yake siku nzima na nikaitika.

Sijapata jibu lako. Nimejiambia barua imechelewa, huku meli haiji bahari ikichafuka. Wiki iliyopita tulicheza mechi ya mazoezi. Mimi nilikaa benchi na koti, kwa sababu bila barua siruhusiwi hata mechi ya kirafiki. Kipa aliyekuwa golini ana miaka hamsini na mbili. Alifungwa tano.

Ulivuna magunia mangapi? Niambie hata hiyo tu.

Kabura wako


Skellan, 9 Machi 2025

Baba,

Salamu. Jepkemboi ameniandikia kwa simu kwamba uko mzima, na kwamba Jumatatu na Alhamisi unaenda Posta, na mara mbili amekuona ukirudi na bahasha. Kwa hivyo barua zangu unapata.

Nikanye basi. Nitukane kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Lakini usininyamazie, kwa sababu hiyo ndiyo siwezi. Kama jibu ni hapana nitamwambia Marit atafute mtu mwingine, na sitakulaumu. Afadhali nikose timu kuliko nikukose wewe.

Ni mimi,
Kabura


Munyaka, Eldoret, 3 Aprili 2025

Kwa mama yangu Kabura,

Nakusalimia, na ninaomba msamaha kabla ya mengine. Sikuwa mgonjwa. Magunia yalikuwa thelathini na mbili. Nilikasirika kwanza, kwa hiyo ya miaka miwili. Hasira ilinitoka mapema. Kilichobaki ni aibu, na aibu hukaa kwa mtu kuliko hasira.

Uliniuliza kwetu ni wapi. Mimi nilifika Ainabkoi nikiwa na miaka kumi na mbili, nikifuata huyo mama unayebeba jina lake, yeye amebeba sufuria na kuku wawili. Huko ndiko nilioa, nikafungua duka, nikakuzaa. Kura zikienda sawa tulikuwa majirani. Mwaka ule zilipoharibika tukaambiwa ni wageni, na kati ya waliokuja kutuambia kuna mmoja nilikuwa nimemuuzia sukari asubuhi hiyo. Wengine walitulilia, wazazi wa Jepkemboi walilia. Lakini tuliondoka. Mimi baba yako sina jibu la swali lako, na sikutaka ulijue hilo. Ndiyo nikanyamaza.

Na kuna lingine. Tangu mama yako atuache nimekuwa nikihesabu miezi yako. Nilifikiri nikiandika hiyo barua, nitakuwa nimejifungia mlango mimi mwenyewe, na wewe uko nje. Nimekukosa sana, Kabura. Bado napika chai ya watu wawili, kisha inabidi niinywe yote.

Lakini mtu akipata mahali anapoulizwa kama anataka kuwa mtu wa hapo, nani mimi nimzuie? Juzi nikipanda mahindi niliona nimekuwa nikikunyima kitu ambacho hata mimi nilikitaka maisha yangu yote. Barua ya kamati nimeandika hapa chini. Sikufuata maneno ya fomu yao. Tafsiri vile iko, usipunguze na usiongeze, na usinipambie.

Baba yako na mtoto wako,
Wahome


KWA KAMATI YA MPIRA YA SKELLAN

KUH: BINTI YANGU KABURA

Salamu kwenu nyote. Mimi ni Wahome, mkulima, na zamani nilikuwa na duka. Kisiwa chenu tulikitafuta na mwalimu Jepkemboi kwa ramani ya shule yake na hatukukiona. Haidhuru. Hata mahali pangu hapako.

Mnataka niseme kwao ni huko. Kwao ni hapa, na kuanzia leo ni huko pia. Kama sheria yenu haina nafasi ya yote mawili, ongezeni mstari, maana nasikia sheria mnajitungia.

Huyu msichana hataki kubembelezwa. Upande wa kushoto anadaka vizuri, kulia mumkumbushe. Akinyamaza sana mjue amekumbuka nyumbani, mpeni chai na mumwache.

Mbuzi sitaki, mko mbali. Nataka mnikubalie jambo moja. Siku mtakayoshinda najua mtambeba juu na kumwita wenu. Hilo ni rahisi. Sisi pia tuliitwa hivyo, miaka ya mavuno mazuri. Mimi naulizia siku mtakayoshindwa. Siku mpira utampita, na watu watatoka uwanjani na hasira wakitafuta wa kulaumu, na mmoja atakumbuka kwamba huyu alitoka mbali. Siku hiyo ndiyo msimame karibu naye, mseme ni wenu.

Mkikubali hilo, nimempeana.

Ni mimi baba yake,
Wahome