Kaswera Wawili mu Masini Moja

Mama mupendwa wa gazeti, nakusalimu na ninaomba shauri lako, juu roho yangu haitulie na sijue kama ni woga ao ni hamu ya kujua tu, kwani toka utoto mama yangu alikuwa ananigombeza kwa kuuliza-uliza. Nakaa mutaa wa Saio na bwana yangu na tunatumika siye wawili mu depo ya dawa ya misioni moja hapa Bunia, yeye ni mutu wa ordinateri, ile masini inayochunga majina ya wagonjwa, mimi niko ku dirisha, naita wagonjwa wa kifua kikuu na kuwapa dawa.

Mwanzo wa mwaka wazungu walituletea ordinateri mupya na programe yake mupya, juu ile ya zamani ilikuwa imechoka, ikipata vumbi kidogo tu inazimika, basi bwana yangu akaanza kuhamisha wagonjwa wote toka mu masini ya zamani na kuwatia mu ile mupya, disketi kisha disketi, na alipomaliza tukaona watu wamepunguka, tena si kidogo, yeye akasema ni vizuri, masini mupya iko na akili, imeondoa wale walioandikwa mara mbili, na Directeur, mukubwa wetu, akamusifu mbele yetu wote, hata mimi nilipiga makofi.

Lakini kisha nikajiuliza, hawa wa mara mbili ni wanani? Nikatazama-tazama, nikaona wanaopotea karibu wote ni watu wa kwetu, Wanande, akina Kahindo, Kamate, Kanyere. Mama, unajua kwetu mutoto anapewa jina kufuatana na namna amefuatana na wandugu yake, kila nyumba ni vile, na toka wakati majina ya ubatizo yalikatazwa na serikali mu makaratasi hakuna tena Kahindo Adeline na Kahindo Faida, wamebaki Kahindo na Kahindo. Masini ya zamani ilikuwa inatambua mutu kwa numero ya fishi yake, ile karatasi ya mugonjwa. Hii mupya inatambua kwa jina, sasa Kahindo mwingine akiingia, anakaa pa nafasi ya yule wa kwanza. Bwana yangu ni wa Mahagi, kwao haiko vile. Nilimuelezea tukiwa tunakula, akacheka, akasema masini haina kabila.

Juma iliyopita Kaswera mumoja, mujane anayetoka Komanda, alifika ku dirisha, nikaandika jina lake, masini ikasema huyu alishamaliza dawa yote, na bwana yangu kule nyuma akamwambia arudie kwake, amepona. Alikuwa anakohoa, mama. Alifunga kitambaa chake vizuri, akashukuru, akaenda, na mimi nikaita mugonjwa mwingine.

Jumamosi masini ya zamani na disketi zake inapanda kamio, ile gari kubwa ya mizigo, kwenda Niania, na watu wa misioni ya kule wataifuta yote iliyo ndani ili waanze kazi yao. Nikienda kwa Directeur, nitamutia bwana yangu haya mbele ya watu waliomusifu, na nikinyamaza sijue itakuwa namna gani. Tena kama unajua unieleze: mutu akikaliwa vile mu masini, anabaki pale chini, ao hayuko tena? Hiyo nayo nafikiria hata nikiwa napika.

Mwenye Kuuliza, Saio

*

Weye Mwenye Kuuliza, pole, na sasa sikiliza. Unaniuliza juu ya haya ya bwana yako, kisha unaniuliza juu ya tumbo la ordinateri, na hapo katikati kuna mujane anakohoa. Panga maneno yako vizuri, dada. Kuuliza-uliza si zambi, mama yako alikugombeza bure. Zambi ni kuona kisha kufunga kinywa.

Bwana yako si mutu mubaya. Alihamisha watu bila kujua namna wanaitana kwao, na weye unayejua ulimwambia akiwa na bugali mu kinywa. Neno la namna hiyo unamuonyesha ku kazi, mbele ya masini yenyewe, wala hauachi kwa sababu amecheka.

Barua yako ilinifikia katikati ya juma. Kamio ni ya jumamosi, gazeti yetu ni ya jumapili, ningengojea kukujibu hapa tungekuwa tunalia bure. Nikavaa kikwembe, nikaenda. Mbele ya weye kuanza kazi pale, mimi pia nilikunywa dawa ya kifua kwenu. Weye haukuwa ku dirisha, nilimukuta bwana yako. Sikusema neno juu ya barua. Nilimuomba tu atazame kama niko bado mu masini. Akaandika jina langu, Kahindo, akatazama, akanitazama mimi, akatazama tena. Masini yake ilimwambia nilikufa.

Kisha akaniuliza polepole: "Mama, weye ni Kahindo wa nani?"

Ndiyo sababu jana jumamosi uliona kamio inaenda bila masini, ni yeye aliizuia, na kama hakukueleza, ni haya inamushika. Umuache nayo kidogo, haitamuua.

Ulitaka kujua: fundi mumoja aliniambia mutu aliyekaliwa hayuko tena mu ile mupya. Yuko mu ya zamani tu. Kwa hiyo disketi hata moja isifutwe mpaka kila mutu amerudishwa na numero yake. Ku Directeur bwana yako aende kusema mwenyewe, weye usimame kando yake, usiseme pa nafasi yake. Akisoma hapa atajua ni weye uliniandikia. Ajue.

Lakini hayo yote yatafuata nyuma. Dawa ya kifua ikikatwa katikati, ugonjwa inarudi na nguvu. Kesho asubui mupande gari ya Komanda, siyo weye peke yako, muende wawili, mubebe dawa ya Kaswera. Bwana yako ndiye alimwambia amepona, basi yeye ndiye atamwambia hajapona bado. Mukikuta nyumba imefungwa, muulize majirani, muende hata ku shamba. Musirudi Bunia bila kumuona.

Mama Kahindo