Kufutwa kwa Kazi ya Kaka Emiliani

Mjimwema,
Songea.
22 Juni 2025

Kwako dada yangu mpendwa Walburga,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima huko Ireland, wewe na shemeji Aidan na watoto. Mgongo unaendeleaje? Ulisema kuwainua wagonjwa kumekuumiza, na tangu siku hiyo mama hakuombei kitu kingine. Sisi huku tunapumua. Baridi ya Juni imeingia kwa nguvu, na mama analalamikia miguu kila asubuhi. Mahindi tumeshavuna, yapo uani, tunayapukuchua kidogo kidogo.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Nimejaribu kukupigia, lakini nikisikia sauti yako tu naishia kuuliza habari za watoto. Afadhali niandike. Ni habari ya kazi ya marehemu kaka Emiliani. Imefutwa, dada, na mimi ndiye niliyetia jina langu ifutwe.

Nikueleze vizuri, maana wewe ulikuwa mbali mambo haya yakianza. Unakumbuka kaka alivyofundisha kompyuta pale sekondari. Zile mashine walipewa zikiwa zimechoka, memori yake ndogo. Mwanafunzi akifungua programu mbili tatu, kompyuta inaganda na kazi yake yote inapotea. Kaka hakukubali. Ndani ya kila kompyuta kuna programu iliyo chini ya zote, inaitwa kiini. Kazi yake mojawapo ni kugawa memori: programu hii inaomba nafasi, inapewa, ikimaliza, inarudisha. Kaka aliandika njia mpya ya kugawa, ili mashine yenye memori kidogo ijibane badala ya kuganda. Akaituma kwa wale wataalamu wa nchi mbalimbali wanaotengeneza kiini hicho kwa pamoja. Walimrudishia mara nyingi arekebishe, mwisho wakaipokea. Siku hiyo mama alichinja jogoo akawaambia majirani wote, mwanangu jina lake liko ndani ya kompyuta za dunia nzima.

Alipoanza kuugua figo alinifundisha kazi ile akiwa kitandani. Alipofariki, wale wataalamu wakaniweka mimi kuwa mkaguzi wa sehemu yake. Mtu akitaka kubadilisha kitu pale, ni lazima nisome kwanza, nijaribu, niseme kama ni sawa.

Mwezi uliopita mtaalamu mmoja wa Finland alituma mabadiliko ya kuiondoa njia yote ya kaka. Dada, nilipofungua niliona mistari yake imewekewa alama ya kuondoa, kurasa na kurasa, hata yale maelezo aliyoyaandika kwa Kiingereza chake kile cha kiualimu. Nikakasirika. Nikasema huyu anadhani mwenye kazi amekufa hivyo hakuna wa kumtetea.

Lakini yule bwana alikuwa ameeleza sababu. Alisema mashine ikielemewa sana, njia ya kaka inaweza kuipa programu mbili nafasi ileile moja. Hapo moja inaandika juu ya kazi ya mwenzake, na hakuna anayejua mpaka mambo yameshaharibika. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu nikiwa na uhakika kwamba nitamuumbua. Ikatokea. Nikajaribu kwenye zile za shuleni. Ikatokea pia. Wanafunzi wamekuwa wakipoteza kazi zao bila kelele, na sisi tukidhani ni virusi.

Nikahangaika kuziba kosa lenyewe ili kazi ibaki. Nikiziba hapa panafumuka pale. Kila nilipokwama nilitamani kumuuliza mwenyewe, maana mambo mengine alikuwa nayo kichwani tu. Nikamwandikia yule bwana nikamwomba anipe muda. Akanijibu kwa upole, "Pole sana kwa kaka yako. Muda nitakupa. Lakini niambie kweli, unaweza kuitunza njia hii miaka yote inayokuja?" Sikuweza kudanganya. Nikasoma mabadiliko yake tena, mstari kwa mstari, nikitafuta walau kosa moja. Yalikuwa safi. Nikaandika kwamba nimeyakagua na nimeridhika, nikaweka jina langu. Nilijisikia nimemzika kaka mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mtu wa kunishika mkono.

Mwalimu Joachim, mkuu wa shule, nilimweleza. Aliniuliza mashine zitakuwaje. Nikamwambia kiini kipya, kisicho na njia ya kaka, hazitakiweza kwa memori yao ndogo, na cha zamani si salama. Akasema, "Basi tuzifungie stoo, Sipriani. Tutafanyaje?" Nimemsaidia kuzibeba.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Wewe unajua kila jioni huniuliza, "Kazi ya kaka yako inaendeleaje?" Nilimjibu inaendelea mpaka nikachoka. Juzi tukiwa tunapukuchua mahindi nikamwambia imeondolewa.

"Na jina lake?"

"Limebaki kwenye historia ya kazi, mama. Halifutiki huko."

"Kama yale majina ya mashujaa wa zamani pale makumbusho?"

"Ndiyo, mama."

"Historia ndiko wanakowekwa waliokufa," akasema. "Mimi nilitaka mahali anapofanya kazi." Kisha akaniuliza nani ameruhusu. Nikamwambia ni mimi. Akaacha gunzi mkononi mwangu, akaingia ndani. Tangu siku hiyo ananipa chakula, ananijibu salamu, lakini la kompyuta haulizi tena, na usoni hanitazami.

Dada, nina ombi moja. Ukimpigia simu, usimwambie kwamba kazi ya kaka ilikuwa na kosa. Hilo sijamwambia. Yeye anaamini niliwaogopa tu wale wa nje nikawaachia. Niache nilaumiwe mimi. Kaka abaki kwake hivyo hivyo alivyo.

Wasalimie sana shemeji Aidan na watoto, mwambie mwanao Ekaristia mama yake mdogo Mariana anamuulizia kila Jumapili akitoka kanisani. Mjomba Azizi naye anakusalimu, bado yuko Mbesa na korosho zake. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na aupumzishe mgongo wako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukumbuka,

Sipriani