Lori Lenye Kofia ya Yaya

Katuba, Lubumbashi

Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa,

Natumaini mvua ya huko Butembo imewaachia njia. Hapa tuko wazima, na Mama ameanza kula tena.

Leo filamu ya binti yako Abigaëlle ilipaswa kuonyeshwa katika ukumbi wa parokia. Ameichora yote kwa mkono: magari yamepanda migongo ya watu yakidai mafuta, na baba mmoja anayanywesha uji wa watoto wake. Lori kubwa kuliko yote limevaa kofia yako. Najua hilo ndilo lililokukasirisha.

Umeme ulikatika, nikaenda depo yako ya mafuta hapa mjini kutafuta petroli ya jenereta. Emery, msimamizi wako, aliinamisha kichwa. "Patron alikatala, Mama. Hata litre moja."

Abigaëlle alicheka nilipomletea jibu hilo. "Tantine, Papa iko naogopa motoka ya makaratasi?" Kisha akalia.

Sikumbembeleza. Nilimpa nyundo na misumari. Sasa michoro imejaa kuta zote za ukumbi, na yeye anawasimulia watu kwa sauti. Wanacheka, ndiyo. Wakifika kwenye ule uji wananyamaza.

Lori lako limetundikwa mlangoni, Yaya. Njoo ulitazame, maana sitalishusha.

Mdogo wako,
Joséphine