Jina la Bibi Arafa Kwenye Lami ya Wales

Shikamoo Bibi Arafa,

Wallahi, huku Wales jina lako limeandikwa barabarani! Jana mwenyeji wangu, Mama Nesta, alikuwa akiniendesha kwenye mvua, mara naona kwenye lami herufi nyeupe ndefu kuliko mimi: ARAF. Nikapiga kelele, "Simama mama, bibi yangu huyo! Wamesahau tu A ya mwisho!"

Alicheka mpaka akaegesha gari pembeni. Kumbe ni Kiwelisi, lugha yao ya kale, ndugu wa Kiayalandi, na maana yake ni "taratibu". Na wewe Bibi, ukitoka jikoni na chai, inafika sebuleni imepoa!

Tulipotulia, akanisimulia kuwa bibi wa bibi yake alivishwa kibao cha adhabu shingoni shuleni kwa kuisema lugha hiyo. Nikamwambia hata mama yangu alivishwa, kwa sababu ya Kizigua. Tukashikana mikono kama ndugu. Siku hizi watoto wa hapa wanasoma hesabu kwa Kiwelisi, na dukani wanagombania pipi kwa Kiwelisi hichohicho. Niliona wivu, Bibi. Wewe ulinisemesha Kizigua, mimi nikakujibu Kiswahili, mpaka ukachoka ukaacha.

Mungu akupe afya, na mahindi ya Handeni ayape mvua kama hii. Wasalimie wa Korogwe. Nikirudi, anza tena. Nisemeshe Kizigua tu, tangu mlangoni.

Ila Bibi, araf.

Mjukuu wako, Zaina