Mahindi ya Mzizi Mmoja

Scola umelala? Mimi nimeshindwa. Natumia simu ya mama.

Asubuhi nilikuwa napalilia bustani ya shule peke yangu. Kwenye kona ya madam Rosina wa baiolojia nikang'oa mahindi kumi na mawili. Yamedumaa, kila mche una mzizi mmoja mtupu kama mkia wa panya. Nikayafukia ndani ya tuta pamoja na majani, kama tunavyofanya nyumbani. Nilijua ni takataka.

Mchana madam akaja na mkuu wa shule. Akasimama pale, anatazama udongo mtupu.

Kumbe yale mahindi protini yao moja ina kasoro, ile inayowasha jeni za kuotesha mizizi ya pembeni. Ndiyo aliyokuwa anayachunguza. Miaka miwili, na mbegu nyingine hana. Miaka miwili Scola.

Mkuu akamgeukia mzee Ndalahwa, mlinzi, anayefuga ng'ombe jirani na shule. "Ng'ombe zako hizo."

Mzee akasema, "Mkuu, ng'ombe angeacha alama za kwato."

"Nyie na ng'ombe wenu. Kesho usije kazini."

Mimi nipo hapo hapo nimeshika jembe.

Mzee akaniangalia mikono, imejaa udongo. Akaniambia taratibu, "Kanawe mjukuu wangu, ukale."

Alijua. Scola, alijua na hakunitaja.

Nikifumba macho naiona ile mizizi.

Saa nne usiku nimemwandikia madam: "Shikamoo madam. Mzee Ndalahwa hana kosa. Niliyang'oa mimi, yapo kwenye tuta la pili."

Tiki zimekuwa bluu saa ile ile. Sasa hivi ni saa saba, hajajibu.