Upepo wa Kwendea Kidichi

Seif, mume wangu,

Amani iwe juu yako huko ulikotutangulia. Mie nshatoka eda, na mke wako mdogo naye ametoka, juzi, kwa kujifungua. Nnakuandikia kukupa habari hiyo pamoja na habari ya gari, maana nakujua weye, ungeniuliza ya gari kwanza.

Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani hapa Mtoni, na gari nayo imekaa uani chini ya turubali. Siku niliyoifunua nilikuta tairi zimenywea, ile ya mbele kushoto karibu rimu yake ya chuma iguse chini. Nikakaa kizingitini nikalia. Nilishakulilia sana, lakini siku ile nililia upya, kwa sababu ungekuwapo usingekubali zifike hapo.

Kaka yako Hamadi akaja na pampu. Akasema tujaze paundi arobaini, zote nne sawasawa, zikae ngumu. Yeye kazi yake kubeba mchanga kwa lori, basi kila gari kwake ni ya mchanga. Nikamwambia, shemeji, ahsante, weka pampu hapo na nenda zako. Alinuna kidogo. Chai alikunywa lakini.

Unakumbuka Ijumaa zetu za kwenda kwenu Nungwi? Ukishasali alfajiri tu, kabla gari haijasogea hata hatua, umeshachutama na geji yako ya kupimia upepo. Ulikuwa ukisema tairi ipimwe ikiwa baridi, ikishatembea inapata moto na geji inakudanganya. Mie nasimama na kikombe cha kahawa nakutazama unavyozipapasa, nakwambia laiti mkono wangu ungeushika hivyo. Unacheka, unaendelea. Khalafu unanieleza yaleyale ya kila wiki: gari hii inavuta kwa mbele, injini iko mbele, usukani unageuza za mbele, na ukikanyaga breki uzito wote unakwenda hukohuko mbele. Basi za mbele zipewe zaidi, za nyuma zipungue kidogo, ila tukibeba watu na mizigo nyuma nazo tuziongeze. Nami nakujibu, nimesikia, mwalimu. Kumbe kweli nilikuwa nasikia.

Sasa nikwambie la Salma. Sikumpenda, Seif, na hilo hukuhitaji kuambiwa. Ulipomuoa nilisema neno moja tu, gari yangu haipandi Kidichi. Ukaliheshimu. Miaka yote ulikwenda kwake kwa bodaboda, jua na mvua, wala hukuninung'unikia. Wakati mwengine ulirudi umelowa chapachapa nami nikakupa taulo bila ya kukuuliza unatoka wapi.

Baada ya mimi kutoka eda alinipigia simu. Akasema, "Bi Zuhura, shikamoo." Nikamwitikia marahaba. Khalafu akasema, "Siku zangu zimekaribia, na nna hofu." Mama hana, baba hana, yupo na shangazi yake tu, mtu mzima, na nyumba yenyewe unaijua ilivyojificha huko juu na njia ilivyochimbika. Nikamwambia siku ikifika nipigie mie, usihangaike kutafuta mtu mwengine. Nilipokata simu nilijishangaa mwenyewe.

Tangu hapo kila asubuhi nikawa nazitazama tairi. Nilifungua mlango wa dereva nikachutama kama ulivyokuwa ukichutama weye, na magoti yangu haya. Kile kibandiko kwenye nguzo ya mlango kina maandishi ya Kijapani, lakini picha ya gari ipo, na namba ya mbele na ya nyuma zipo. Nikazitafuta kwenye geji. Mbele nikaweka thelathini na tatu. Nyuma ungeweka thelathini tungekuwa mie na weye, lakini nilifikiria nani atakaa nyuma: Salma, shangazi, na furushi lao la khanga na chupa ya chai. Nikaongeza zifike thelathini na tatu nazo. Mara ya kwanza nilimwaga upepo mwingi kuliko niliotia, ungenicheka.

Simu ilikuja baada ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima. Nilipofika Kidichi, Salma alikuwa ameshikilia nguzo ya baraza, jasho linamtoka, na shangazi yake akanikabili kabla sijasalimia. "Mwanangu, toa upepo kidogo, gari iwe laini, mtoto wa watu asitikisike." Nikamtazama Salma, uso umemsawijika, na mkono wangu ukaenda kweli kwenye kifuniko cha vali ya tairi. Nilimwonea huruma, Seif. Sikutegemea. Nani asingetaka kumlainishia njia mtu wa hali ile?

Lakini nikauona ule mteremko, udongo mwekundu unateleza, na mbele ndiko kunakovuta na ndiko kunakoshika, tairi zikilegea hazitautii usukani. Nikasema hapana, shangazi, upepo haupungui, mie ndiye ntakayepunguza mwendo.

Tukashuka polepole, shimo baada ya shimo, Salma anaguna na shangazi anasoma dua kwa sauti ili nimsikie. Kwenye ile kona ya mashamba ya mdalasini, lori la mawe likatutokea katikati ya njia. Nilikanyaga breki, nikakata usukani kushoto. Gari iliinama pua, tairi za mbele zikashika, ikaenda pale pale nilipoipeleka. Lori lilitupita karibu hata tungeweza kuligusa. Mie nikasema jina lako. Salma akanyoosha mkono kutoka nyuma akanishika bega, na hakuniachia mpaka tulipofika hospitali mjini.

Amezaa mtoto wa kike. Mzima, na mama yake mzima. Waliponipa nimshike nilitafuta sura ya mama yake, nikaiona pua yako. Nimekaa nawe miaka yote ile bila ya kukuzalia, nikadhani siku nitakayoiona pua ile kwa mtoto wa mwengine ntakufa kwa wivu. Wivu ulikuja, sikufichi. Lakini mtoto alipiga chafya, nikamfunika.

Waliporuhusiwa kutoka hospitali, shangazi na furushi wakapanda, Salma akapanda na mtoto. Nikauliza tu kwa kuuliza, tunarudi Kidichi? Salma akasema taratibu, kama anayeongea na mtoto, "Mwenye mama huikalia arubaini ya uzazi kwa mama yake." Hakuniomba kitu. Niliwasha gari nikashika njia ya Bububu, na tulipofika Mtoni nikakata kona ya kwetu. Shangazi akauliza mbona huku. Salma hakuuliza, alikuwa analia.

Basi wako chumba cha uani. Nshampikia uji wa pilipili manga, nshamkanda kwa maji ya moto, anapiga kelele kuwa nnamuunguza, namwambia nyamaza. Hamadi kaja kumtazama mtoto akanikuta na geji mkononi, akatikisa kichwa.

Miaka yote ulihangaika na zamu zako, usiku huu kwangu, usiku ule kwake, unahesabu usije ukamdhulumu mtu. Sasa sote tumekaa nyumba moja, na weye ndiye hupo. Nimelisema hilo kwa Salma jana tukacheka, khalafu tukalia, mtoto akaamka akatulilia sote.

Pumzika, Seif. Arubaini ikimalizika, wakitaka kurudi Kidichi ntawapandisha mwenyewe. Wasipotaka kuondoka, mie sitawauliza.

Mkeo,
Zuhura