Jiwe Tuliloliacha

Marahaba, Anaeli. Bibi yako anakusalimu. Miguu bado inamsumbua.

Umeuliza uchague shoka gani la kupasulia kuni. Chukua zito, nene mgongoni, wala usilinoe likawa jembamba kama kisu, litanasa kwenye gogo. Hayo alinionyesha baba enzi za Mwingereza, siku tulipohamishwa shambani kwetu huku Meru kumpisha mzungu. Lori likisubiri, alinoa shoka, akapasua kuni, akazipanga jikoni.

“Baba, nipakie jiwe la kunolea?”

“Liache. Tukirudi tutalikuta.”

Sasa nanolea kwenye ngazi ya sementi. Baba alikufa akiuliza kama kuni zile bado ni kavu. Nilimwambia ndiyo. Kwenye lori yeye hakugeuka nyuma. Mimi niligeuka, nikaona nyumba inaungua.

Babu yako